Darasa la kuchapa kitambaa kwa skrini Kampala: nani aende, nani asiende

Kama shida yako ni fulana za kampeni au za harusi, usipoteze nauli. Nenda Nasser Road, vijana wa pale watakutolea mia zinazofanana kama mapacha. Darasa nililosoma mimi, huku Kabalagala, ni kinyume chake: kitambaa kikishatoka hakina mwenzake, hata ukitaka.

Skrini ni fremu iliyowambwa wavu, na hapa haina picha ya kudumu. Unachanganya rangi ya unga ya kutia pamba na gundi ya mwani mpaka iwe nzito, unaipaka kwenye wavu wa skrini uliolazwa juu ya majani au kamba, kisha unaiacha ikauke kabisa. Ndipo unailaza skrini juu ya kitambaa, unamimina gundi isiyo na rangi na kuivuta kwa ubapa wa mpira. Unyevu wake unaimegua ile rangi kavu kidogo kidogo. Mvuto wangu wa kwanza ulitoa michirizi hafifu, nikaanza kuhesabu ada yangu moyoni. Wa tatu ukaja na jani zima la muhogo, mishipa yote, samawati ikichuruzika pembeni. Wa tano jani lilishaanza kupotea. Baada ya hapo unaosha skrini, mchoro umekwenda.

Mwalimu ni mvumilivu, Kiswahili chake kimechanganyika na Kiganda lakini unaelewa. Kwenye kitambaa ndiko hana mzaha: pamba tupu, iliyofuliwa, ikalowekwa kwenye maji ya soda ashi (unga wa magadi unaofanya rangi ishike) na kukaushwa kabla ya kuchapwa. Mimi nilichukua shuka nyeupe za mtumba soko la Owino. Mwenzetu mmoja alileta shuka mpya ya poliesta, inang'aa kweli. Asubuhi, baada ya kufungwa kwenye nailoni usiku kucha ili rangi ishike, yote iliondoka na maji ya kusuuzia. Pole sana, dada.

Ninacholalamikia ni ukumbi. Tulisoma wakati wa mvua, hewa nzito, feni hakuna, skrini hazikauki. Nusu ya muda tulikunywa chai. Glavu ulete mwenyewe, na hilo waliponiambia nilishafika mlangoni. Rangi wanazokuuzia pale pia ziko juu, ila unga mkavu unatunzika, kwa hiyo changishaneni wawili watatu mnunue kopo moja.

Hatua ya pili nitalipia, lakini Januari, jua likiwaka.