Kizima moto cha unga cha kilo 2: kinafaa nyumbani au mapambo tu?

Wengi mjini siku hizi tunapikia gesi, mtungi upo hapohapo pembeni ya jiko, halafu ukiuliza moto ukiwaka unazima na nini unaambiwa kuna ndoo ya maji na Mungu yupo. Ndo nikaamua kuchukua hiki kidogo chekundu cha kilo 2, kile cha unga kilichoandikwa ABC, Kariakoo elfu hamsini na kitu, ukijua kubembeleza unashushiwa. Hizo herufi ni aina za moto, A vitu kama mbao na godoro, B petroli na mafuta ya taa, C gesi, na kwenye umeme pia kinatumika, kwa hiyo kwa nyumba ya kawaida kimekamilika.

Ukienda kununua usikubali kubebeshwa boksi bila kufungua. Kuna kisaa cha presha juu, mshale lazima uwe kwenye kijani. Cha kwanza walichonipa mshale umelala kabisa kwenye nyekundu, kijana wa dukani ananiambia eti kikitulia kitapanda chenyewe 😂 mtungi gani huo unajijaza upepo wenyewe! Nikabadilishiwa. Angalia na pini, iwe na ile sili ya plastiki haijakatwa.

Nguvu yake nimeiona kwa macho, maana jirani alikuwa nacho kama hiki kimepitwa na muda, kabla hajakipeleka kujazwa tukawasha maboksi uani tukajaribu. Dada anayetusaidia nyumbani akakomaa na pini haitoki, kumbe alikuwa anavuta huku amebana ule mkono wa juu, ukibana pini inakwama, unatakiwa ushike mtungi kwa chini tu ndo uvute. Akaelekeza kwenye shina la moto sio kwenye ndimi, akapeleka kushoto kulia, moto kwisha. Ila sasa ni sekunde nane tisa tu hivi unga umeisha, yaani ukianza kwa kubabaika unamaliza mtungi unapuliza ukuta. Na ule unga jamani, kanga za mama wa nyumba ya pili zilizokuwa kwenye kamba zilifuliwa upya, jikoni kwako utapangusa mpaka uchoke na unaingia kwenye friji na redio. Vya hewa ya CO2 haviachi uchafu lakini ni ghali na vizito, kwa nyumbani mi nabaki na unga.

Sasa wauzaji hawasemi hili: moto ukiwa unatoka kwenye mpira wa gesi, funga kwanza pale kwenye mtungi kama mkono unafika, kwa sababu ukizima moto huku gesi inaendelea kutoka inajikusanya chini sakafuni (ni nzito kuliko hewa) na cheche moja tu inalipuka. Kama hapafikiki toeni watu nje, pigeni 114 zimamoto. Na sufuria ya mafuta ya chipsi ikiwaka usikipulize kwa karibu, mafuta yanaruka, zima jiko ufunike na mfuniko, maji ndo usithubutu kabisa.

Ninacholalamikia ni kile chuma cha kuning'inizia, laini kama kopo la nyanya, skrubu zake ni fupi na kwenye ukuta wa tofali hazishiki, nilimwita fundi akaweka zingine. Maelezo nayo ni Kiingereza na Kichina vya maandishi ya sisimizi, nimebandika karatasi yangu ya Kiswahili. Nimekitundika mlangoni kwa kutokea jikoni, watu wengi wanakiweka juu ya jiko, sijui moto ukiwaka wanapitishia mkono wapi.

Nakipa 4 kwa 5, hiyo moja nimekata kwa sababu ya chuma. Mwenye nyumba ya ghorofa au duka chini achukue cha kilo 6, hiki kitamwishia njiani.