Tingatinga pale Morogoro Stores: nilienda kununua picha, nikakuta chama kinacholea wachoraji

Wadau, naandika hii kwa sababu kila likizo ikikaribia naulizwa swali lile lile, na wengi wanaouliza ni ndugu zetu wanaorudi nyumbani kutoka nje: Dar nanunua wapi picha ya Tingatinga, ile michoro yetu ya wanyama na rangi kali, bila kuingizwa mjini? Sasa leo nitajibu vizuri, na nitajibu kwa urefu maana hili jambo limenigusa.

Nianze na nilipoumia. Mwaka jana nilinunua picha kwenye duka moja la zawadi, duka lenyewe silitaji, nikaambiwa ni orijino kabisa, mchoraji maarufu, nikatoa laki na nusu roho kwatu. Nafika home nakunjua, kumbe ilikunjwa rangi haijakauka, twiga kagandana na mgongo wa kitambaa, ukivuta anabanduka shingo. Nageuza nyuma natafuta jina la mchoraji, hamna. Mbele kwenye kona imeandikwa Tinga Tinga tu, basi. Nikarudi dukani, yule dada akaniambia kwa upole kabisa kwamba kaka mi nauza tu, picha tunaletewa, sijui nani kachora. Hela iliuma ila lile jibu liliuma zaidi. Yaani mtu kakaa siku nzima kainama na brashi, halafu kazi yake inauzwa na mtu asiyejua hata jina lake, na sidhani kama alipata hata robo ya ile laki na nusu.

Ndo jumamosi moja nikasema hapana, safari hii naenda kwenyewe. Nikambeba na mtoto wa dada yangu, ana miaka 17, madaftari yake yote ya shule yamejaa michoro mpaka mama yake amekata tamaa, nikamwambia twende ukaone watu wanaokula kwa kuchora.

Kwenyewe ni pale Oysterbay, barabara ya Haile Selassie, ukimwambia bodaboda au bajaji Morogoro Stores hahitaji maelezo mengine. Hapo ndo makao ya chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga. Kabla hujaona picha unasikia harufu, rangi ya mafuta na mafuta ya taa ya kuoshea brashi, inakupokea kabla ya watu. Halafu rangi zinakujia zote kwa mpigo, nyekundu, njano, bluu ya bahari, picha zimetundikwa, zimeegeshwa, zimepangwa chini, na wachoraji wenyewe wamekaa hapo hapo kwenye viti vifupi na makopo yao, kazi inaendelea wewe unapita katikati. Hii kwangu ndo tofauti kubwa na duka lolote la zawadi, unanunua huku unamuona aliyetengeneza, ukitaka kumuuliza unamuuliza.

Tukasimama kwa mzee mmoja, shikamoo mzee, marahaba wanangu karibuni. Akamuuliza kijana wangu, we unajua Tingatinga ni nini? Dogo kajibu bila kusita, ni trekta. Mzee kacheka mpaka kaweka brashi chini, akasema hata wajukuu zangu wanasema hivyo hivyo, sasa kaa nikwambie, Tingatinga ni mtu.

Na kweli tuseme ukweli, wangapi tunajua? Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru kule Kusini, 1932. Akaondoka kwao kutafuta maisha kama vijana wengi wa Kusini wa wakati ule, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar, akafanya kazi za bustani, baadaye akapata kazi Muhimbili. Mwaka 1968 akaanza kuchora, hakufundishwa na mtu, alitumia vipande vya bodi vile vya dari na rangi ya kupakia baiskeli, maana ndo vilivyokuwepo na ndo alivyovimudu. Mkewe Agatha alikuwa anasaidia kuuza, na wateja wengi walikuwa wageni waliokaa hapo hapo Oysterbay. Miaka minne tu. 1972 usiku polisi walilipiga risasi gari alilokuwemo wakidhani ni la wezi, akafa. Mtu asiye na hatia, na kipaji ndo kwanza kinafunguka.

Sasa hapa ndo pa kupafikiria. Mtu kachora miaka minne, hakuacha kitabu, hakuacha chuo, hakuacha hela, kwa nini leo zaidi ya miaka 50 baadaye jina lake lipo duniani kote? Ni kwa sababu aliacha watu. Walikuwepo wanafunzi wake sita, Abdallah Ajaba, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata na Omari Amonde, wengi ndugu zake na watu wa nyumbani kwao, hao ndo waliendelea kukaa pamoja na kuchora pamoja na kuwafundisha wengine, na wale wakafundisha wengine, mpaka 1990 wakasajili chama cha ushirika. Chama ndo kimembeba. Bila hicho Edward angekuwa mstari mmoja kwenye makumbusho huko.

Tukarudi kwenye kazi. Mzee alikuwa anamalizia kanga, kanga ndege, sio kanga ya kuvaa, ingawa hata ile ya kuvaa wazee wanasema jina imelitoa kwa huyu ndege kwa ajili ya madoadoa. Mwili ulishapakwa mweusi wenye ubluu na umekauka, kilichobaki ni madoa meupe. Anachovya ncha ya brashi kwenye kifuniko cha kopo, sio kwenye kopo lenyewe, anaigusisha pembeni kupunguza rangi, halafu anaweka doa moja, anainua, doa lingine, anainua. Hapigi mstari, hapimi. Karibu na shingo madoa ni kama punje ya mtama, yakishuka tumboni yanakuwa makubwa, yakifika mkiani yanapungua tena, na ghafla unaona ndege ana tumbo la mviringo kabisa wakati dakika tano zilizopita alikuwa bapa kama chapati. Nilianza kuhesabu nikaishia mia na kitu nikapoteza. Nikamuuliza kwa nini asiyaweke haraka haraka, akasema rangi hii ukiikimbiza inakukimbia, ya chini ikiwa mbichi doa linatambaa, linakuwa chozi. Nikamkumbuka twiga wangu wa laki na nusu.

Hapo nikaelewa kwa nini chama ni muhimu kuliko nilivyodhani. Rangi ya mafuta inachelewa kukauka, kwa hiyo mchoraji anahitaji sehemu ya kuziacha picha zikauke, na muda wa kusubiri. Mtu anayechora peke yake chumba kimoja cha kupanga, na watoto wanapita, na kodi ya nyumba inamsubiri, hawezi kusubiri, atamuuzia dalali ikiwa mbichi kwa bei yoyote. Chama kinampa paa, ukuta wa kutundikia, na mlango ambao wateja tayari wanaujua. Oysterbay ile! Nani kati yetu angeweza kukodi hata kibanda cha mita mbili pale kwa hela ya kuuza picha? Wao wameweza kwa sababu wameungana. Picha ikiuzwa kwenye duka la chama, sehemu inabaki kwenye chama na nyingine anachukua mwenye kazi, na kila mtu anajua picha ipi ya nani. Hilo la kujulikana nani ni nani kwangu lina thamani kuliko yote.

Na mafunzo. Hakuna cheti ukutani wala ada ya semista, unakaa na fundi. Unaanza kwa kuandaa kitambaa kwenye fremu, unapaka rangi ya chini, siku ukiaminiwa unapewa majani, baadaye madoa, mwisho mnyama wako mwenyewe. Mzee alimpa dogo kipande cha bodi kilichobaki, akamwonyesha namna ya kupaka anga, unaanza na njano chini, unapanda na rangi ya chungwa, unamaliza na nyekundu, na zile sehemu zinapokutana unazilainisha kwa brashi kavu rangi zikiwa bado mbichi. Hapo ndo mbichi inatakiwa. Dogo ambaye nyumbani ukimtuma chumvi anaenda nusu saa, alikaa pale saa nzima hajagusa simu.

Sasa na mimi niseme yangu ambayo naona hayajakaa sawa, nasema kwa upendo. La kwanza ni kujirudia. Ukitembea Dar, Arusha, Zanzibar, twiga watatu na machweo, tembo na mlima Kilimanjaro, Wamasai wamepanga mstari, zile zile. Najua wateja ndo wanazitaka na mtu lazima ale, siwalaumu. Lakini ukiangalia kazi za Edward mwenyewe, mnyama mmoja tu kajaza bodi nzima, nyuma rangi moja tupu, na yule mnyama anakutazama kama anakufahamu, unaona kwamba mtindo huu una nguvu kubwa kuliko kadi ya posta. Ushauri wangu usinunue ya kwanza uliyoiona mlangoni. Omba uonyeshwe za ndani, ulizia picha za maisha, za kijiji, sokoni, hospitali, kwa mganga, zile zenye watu mia wanafanya mambo mia, unaweza kuitazama mwezi mzima na bado ukakuta mtu ambaye hukumwona.

La pili, wanawake ni wachache mno. Mama Agatha alikuwepo tangu mwanzo, na Martina, binti wa Edward, ni mchoraji, kama alivyo kaka yake Daudi. Kwa hiyo damu ipo na mfano upo. Natamani kuona mabinti wengi wamekaa kwenye vile viti vifupi, kwa kweli natamani sana.

La tatu sio kosa la chama. Jina Tingatinga sa hivi linabandikwa na yeyote popote. Huwezi kumzuia mtu kuchora twiga, lakini familia na chama vimebeba jina hili miaka yote hii na wanaonufaika nalo wengi hawajawahi kukanyaga pale. Wenye mamlaka ya hakimiliki na wa sanaa wangelisimamia hili tungewashukuru.

Kwa mchoraji kijana anayesoma hapa, ujue Dar kuna mlango mwingine pia, Nafasi Art Space kule Mikocheni, ipo tangu 2008, studio zao ni makontena, kule ni sanaa ya kisasa zaidi, kila mtu na njia yake, na wana mafunzo. Tingatinga unaingia kwenye mtindo wenye baba na babu, Nafasi unatafuta sauti yako. Sioni kwa nini mtu asionje kote. Na tuvitunze hivi tulivyonavyo jamani, maana Nyumba ya Sanaa pale mjini ilianza 1972, imelea watu wakubwa, marehemu George Lilanga alipitia pale, na leo jengo halipo.

Mambo ya manunuzi sasa. Bei inategemea ukubwa na mkono wa mchoraji, ndogo za kubeba mkononi ni za makumi ya elfu, kubwa na zenye kazi nyingi zinapanda. Kupatana kupo ila patana kiungwana, usimtajie mtu bei ya kumdhalilisha wakati umemwona madoa yake. Gusa kwa kidole gumba pembeni, ikinata usichukue, mwambie utaifuata. Kama unasafiri waambie waitoe kwenye fremu, iviringishwe upande wenye rangi ukiwa nje na katikati iwekwe karatasi, ukifika fundi seremala yeyote atakutengenezea fremu. Na usiondoke bila kumwomba mchoraji aandike jina lake na mwaka kwa nyuma, atafurahi, utaona uso wake. Mimi ningewapa nyota tano, nimepunguza nusu kwa ajili ya wale twiga watatu na machweo.

Yule kanga nimemnunua. Nilimsubiri siku nne akauke, nikarudi kumchukua, mzee kaandika jina lake nyuma kwa herufi kubwa, taratibu, kwa brashi ile ile ya madoa. Sasa yupo sebuleni juu ya tivii na kila mgeni anamuulizia.

Dogo naye ile bodi yake aliibeba mikono miwili kwenye bajaji mpaka Sinza, akaiweka juu ya kabati kwa mama yake wadogo zake wasiifikie. Jumanne usiku saa tano nimeshalala simu inaita, nikajua kuna shida kwa dada. Kumbe ni yeye, ananong'ona: mjomba, anga imekauka, nimegusa kwa kidole gumba hainati, jumamosi tunaenda?