Kisanduku cha ahadi na daftari la maombezi: maoni ya mwombezi aliyevitumia

Katika kikundi chetu cha maombi mimi ndiye ninayepokea haja za watu. Mmoja ananivuta pembeni baada ya ibada, mwingine anatuma ujumbe usiku wa manane, mwingine analia tu kwenye simu nami naandika nilichoambulia. Kwa hiyo vifaa vya maombi kwangu si pambo la mezani, ni vitendea kazi, na seti hii nimeifanyia kazi mpaka kona za jalada zimeanza kulegea.

Ndani ya seti kuna vitu viwili. Kuna kisanduku kidogo cha mbao chenye kadi 150, kila moja imeandikwa ahadi moja ya Biblia, na kuna daftari la maombezi lenye jalada gumu na utepe wa kuwekea alama. Vinauzwa pamoja. Niseme mapema ili asiye na muda asome aende zake: daftari ni zuri kuliko nilivyotarajia, na kisanduku kinafaa tu kwa mtu ambaye Biblia yake iko wazi pembeni. Anayenunua kwa ajili ya kadi peke yake atapungukiwa.

Nianze na daftari. Kila mtu unayemwombea ana ukurasa wake. Juu kuna jina na tarehe, na chini yake, kabla hata ya sehemu ya haja, kuna mistari iliyoandikwa "Ahadi ninayoisimamia". Mpangilio huo nimeupenda sana. Madaftari mengi niliyowahi kuyaona yanaanza na haja: ugonjwa, deni, ndoa, mtihani. Unaijaza ile haja, unaitazama, nayo inakua mbele ya macho yako. Hapa unalazimika kwanza kutafuta Mungu amesema nini, ndipo uandike mtu anasumbuliwa na nini.

Ndivyo alivyoomba Musa katika Kutoka 32. Watu wamekwisha kutengeneza ndama wa dhahabu wa kuabudu, hakuna jema la kuwatetea, naye hakujaribu kulitafuta. Alimshika Mungu kwa neno lake mwenyewe: uwakumbuke Ibrahimu na Isaka na Israeli, ambao uliwaapia. Danieli naye, sura ya 9, alikuwa akisoma kitabu cha Yeremia, akakuta kwamba uharibifu wa Yerusalemu ungetimiza miaka 70. Hakukifunga kitabu akakaa kungoja miaka iishe. Alijitia gunia na majivu, akafunga, akaungama dhambi za watu wake pamoja na zake. Nimeulizwa mara nyingi na vijana kwenye kikundi: kama Mungu ameshaahidi, kwa nini tuombe tena? Sasa ninawafungulia ukurasa mmoja wa daftari hili wauone ulivyopangwa, kisha tunasoma Danieli 9 pamoja. Ahadi ndiyo iliyompigisha magoti. Na Isaya 62 inawataja walinzi waliowekwa juu ya kuta, wenye kumkumbusha BWANA, wakiambiwa wasiwe na kimya. Mungu hasahau, lakini amependa akumbushwe, na mimi nimeridhika kuwa miongoni mwa wanaomkumbusha.

Ukurasa uliochakaa kuliko yote kwangu ni wa mdogo wangu wa kiume. Aliacha kanisa, akaacha na sisi. Simu za nyumbani hapokei. Nilipofungua kisanduku kumtafutia ahadi nilikuta kadi ya Matendo 16:31, ile ya mlinzi wa gereza, kwamba ukimwamini Bwana Yesu utaokoka wewe pamoja na nyumba yako. Kadi inaishia hapo, nawe ungeweza kuibeba kama hati ya dhamana ya ukoo mzima. Lakini ukiendelea kusoma mistari miwili mitatu unaona Paulo na Sila walimhubiri huyo mlinzi na wote waliokuwamo nyumbani mwake, nao wakaamini. Imani ya mlinzi iliwafungulia mlango, haikuamini kwa niaba yao. Kwa hiyo sikuiandika hiyo. Nimemwandikia Ezekieli 34:16, "Nitawatafuta waliopotea", kwa sababu pale anayeahidi kutafuta ni Mungu mwenyewe, wala hamngoji aliyepotea ajitafute.

Chini yake nimeongeza Luka 22:32, ambapo Bwana Yesu anamwambia Petro amemwombea ili imani yake isitindike. Usiku uleule Petro alikana mara tatu. Aliyemwombea alikuwa Mwana wa Mungu, na bado Petro alianguka, akalia kwa uchungu, akarudi. Kila ninaposikia habari mbaya za mdogo wangu ninausoma mstari huo na kuendelea kuomba. Sioni sababu ya kudhani kwamba maombi yameshindwa kwa kuwa mtu ameanguka katikati yake.

Sasa kisanduku. Wazo la kukiunganisha na daftari ni la zamani na lina mizizi mizuri. Huko Ujerumani, Karl Heinrich von Bogatzky alichapisha mkusanyo wake wa maneno ya Biblia ya kila siku mwaka 1718, akauita kisanduku cha hazina cha watoto wa Mungu. Miaka michache baadaye, katika kijiji cha Herrnhut, Wakristo waitwao Wamoravian, chini ya kiongozi wao Zinzendorf, walianza zamu za maombi mwezi Agosti 1727, wanaume na wanawake wakipokezana saa kwa saa, mchana na usiku, na mnyororo ule uliendelea kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1728 Zinzendorf akaanza kuwapa neno fupi la kubeba kila siku, likapelekwa nyumba kwa nyumba. Tangu 1731 maneno hayo yamechapishwa kila mwaka, na leo yanasomwa kwa lugha nyingi. Kinachonigusa ni kwamba mambo yote mawili yalikaa kijiji kimoja: waliopokea neno asubuhi ndio walioamka kwa zamu usiku kuwaombea wengine.

Kadi za seti hii zimechapwa vizuri, herufi kubwa, karatasi nene isiyokunjika. Tatizo ni mkasi uliopitishwa kwenye maneno yenyewe. Mfano mkubwa ni Yeremia 29:11, kadi ambayo kila mtu huifurahia: mawazo ya amani wala si ya mabaya. Neno hilo lilikuwa kwenye barua kwa watu waliohamishwa kwenda Babeli. Mstari unaotangulia, wa 10, unawaambia kwamba watakaa huko hadi miaka 70 itimie, maana yake wengi wa waliosikia barua ile ikisomwa wangezikwa ugenini. Na mstari wa 7 unawaagiza waombee amani ya mji uleule waliopelekwa mateka. Hebu fikiria: seti nzima imetengenezwa kwa ajili ya kuombea wengine, na agizo la kuombea hata mji wa adui limeachwa nje ya kadi, mistari minne tu kutoka pale walipokata! Kadi ile imebaki kumfariji anayeishika, wakati barua ilimpa kazi.

Uzito zaidi uko kwenye kadi za uponyaji. Zipo nyingi, na ukurasa wa maelekezo unashauri uandike tarehe ya uponyaji mapema, kwa imani, kabla haujaonekana. Hapo sikubaliani kabisa na watengenezaji. Ninamwombea dada mmoja wa kwaya anayeumwa kwa muda mrefu, na ninaamini kwa moyo wote kwamba Mungu anaponya. Lakini Paulo huyohuyo aliyetenda miujiza alimwacha Trofimo, mwenzake wa safari, katika mji wa Mileto akiwa mgonjwa, 2 Timotheo 4:20. Alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Epafrodito, mwenzake wa kazi, aliugua karibu na kufa, na Paulo anaandika kwamba Mungu alimhurumia, bila kutaja kwamba kuna mtu alikuwa ameandika tarehe. Na kuhusu mwiba wake mwenyewe, ile taabu ya mwilini, alimsihi Bwana mara tatu, akajibiwa kwa neema badala ya kuondolewa. Mgonjwa akiambiwa tarehe yake ya kupona imepita, atajiona yeye ndiye mwenye upungufu wa imani, na mwingine ataacha dawa ili kuthibitisha kwamba anaamini. Huyu dada nampelekea kadi, tunaomba, kisha namwuliza kama amemeza dawa zake na kliniki inayofuata ni lini. Sehemu ile ya tarehe naiacha wazi.

Hilo linanirudisha kwenye daftari, kwenye kasoro yake kuu. Chini ya kila ukurasa kuna sehemu ya "Jibu", nayo ni kisanduku kidogo cha kuweka alama ya vema na mstari mmoja wa maelezo. Ni kana kwamba haja zote hujibiwa kabla ukurasa haujajaa. Waebrania 11:13 inasema juu ya Ibrahimu na wenzake kwamba walikufa katika imani bila kuzipokea zile ahadi, waliziona kwa mbali na kuzishangilia. Wangeweka alama gani pale chini? George Müller, aliyelea maelfu ya yatima kule Bristol na kuandika kumbukumbu za maombi yake kwa uangalifu mkubwa, alisimulia kwamba Novemba 1844 alianza kuwaombea watu watano waokoke. Wa kwanza aliokoka baada ya miezi 18, wa pili ilipopita miaka mingine 5, wa tatu baada ya miaka 6 zaidi. Alipokuwa akisimulia, miaka 36 ilikuwa imepita, wawili walikuwa bado, na yeye alikuwa bado anaomba. Mwombezi wa namna hiyo anahitaji nafasi ya kuandika "bado", mwaka baada ya mwaka. Mimi nimebandika karatasi za ziada kwenye kurasa tatu hivi, na jalada sasa halifungi vizuri.

Kuna ukurasa mmoja karibu na mwisho ambao sikuutegemea, umeandikwa "Walioniumiza". Niliupita mara nyingi kabla ya kuweka jina. Mathayo 5:44 ninaijua tangu shule ya Jumapili, na Ayubu 42:10 pia, kwamba BWANA aligeuza uteka wa Ayubu alipowaombea rafiki zake, walewale waliomchoma kwa maneno akiwa ameketi majivuni. Lakini kukuta ukurasa mtupu unaokungoja ni jambo jingine. Waliobuni daftari wangeweza kuuacha, na wateja wasingelalamika. Nawashukuru hawakuuacha.

Jambo ambalo hawakulifikiria ni siri. Daftari la maombezi likijazwa sawasawa linabeba mambo ambayo watu hawajawaambia hata wenzi wao: matokeo ya vipimo, mimba zilizoharibika, madeni, dhambi. Hili halina kufuli, halina hata mfuko, na jalada lake limeandikwa kwa herufi za dhahabu "Maombezi", yaani linamwita kila apitaye alifungue. Mimi ninaandika herufi za mwanzo za majina tu, haja nzito naziandika kwa maneno ninayoyaelewa mwenyewe, na silibebi kwenye mikutano. Pia huwa namwuliza mtu kwanza: hili nilipeleke kwa kikundi au libaki kwangu na Mungu? Wengi huchagua la pili, na nimeona jinsi wanavyopumua wakishaulizwa. Masengenyo mengi makanisani huanza na "tumwombee fulani", na kifaa cha maombi kinapaswa kumsaidia mwombezi kulilinda jina la mtu.

Kwa jumla naipa seti hii nyota nne kati ya tano, tatu na nusu zikiwa za daftari. Inamfaa mtu anayeanza huduma ya maombezi na hajui akae na haja za watu kwa utaratibu gani. Inamfaa mzazi anayemwombea mtoto aliye mbali. Mgonjwa nisingempa kisanduku chote peke yake, ningemchagulia kadi chache na kukaa naye tuzisome pamoja na sura zake.

Kwa watengenezaji, ikiwa toleo jingine linakuja: punguzeni kadi zibaki hata 60, na nyuma ya kila moja wekeni mistari inayotangulia na inayofuata. Futeni lile shauri la tarehe. Panueni sehemu ya jibu iwe nusu ukurasa. Ongezeni kamba au mfuko wa kulifungia daftari, na neno la jalada lihamie ndani. Na mwishoni wekeni ukurasa wa majina ya wale wanaotuombea sisi. Paulo aliwaomba Waefeso wamwombee apewe usemi, na sisi tunaobeba majina ya wengine tunahitaji kukumbushwa kuomba hivyo hivyo.