BeWelcome na lifti za kuchangia mafuta, Nakuru hadi Kakamega: maoni ya mwalimu aliyesafiri likizoni

Likizo ya Agosti nilitaka kufika Kisumu, kisha Kakamega, bila kugusa pesa ya karo ya wanangu. Chumba cha kawaida karibu na stendi ya Kisumu nilikiulizia, nikaambiwa elfu mbili kwa usiku, chai ujinunulie. Nikaamua kufanya yale ambayo walimu wenzangu huniuliza kila mara kama ni salama kwa mwanamke anayesafiri peke yake: kupanda gari la mtu binafsi na kuchangia mafuta, na kulala kwa mwenyeji nisiyemjua niliyempata kwenye BeWelcome, mtandao wa watu wanaolaza wageni nyumbani kwao bila malipo. Kulala naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Lifti naipa tatu.

BeWelcome ilianza mwaka 2007. Inaendeshwa na watu wanaojitolea, chini ya chama kisicho cha faida kilichosajiliwa Ufaransa, na hulipi chochote kujiunga wala kuandikia mwenyeji. Wengi wanaijua zaidi Couchsurfing, mtandao mwingine wa aina hiyo, ulioanza 2004, ikageuka kampuni ya faida 2011, na Mei 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa ajili ya korona, ikaanza kutoza ada katika nchi nyingi. Ada hiyo iliwahusu hata wenyeji, wale wanaotoa godoro, maji na chai yao. Mimi naona mtu anayemfungulia mgeni mlango hafai kulipia ruhusa ya kumfungulia, na ndiyo sababu kubwa ya kuchagua BeWelcome. Hasara yake ni uchache. Ukitafuta Kisumu utapata majina, lakini baadhi ya wenye majina hayo hawajaingia kwa muda mrefu, kwa hiyo angalia kwanza mtu alionekana lini mara ya mwisho kabla hujapoteza jioni nzima ukiandika barua nzuri.

Mwenyeji wangu wa Kisumu alikuwa mama mmoja wa Mamboleo, muuguzi mstaafu. Nilimwandikia wiki mbili kabla. Wasifu wake niliusoma hadi chini kabisa, na huko chini ndiko alikoandika mambo yenyewe: lango hufungwa saa tatu usiku, hana kitanda cha ziada ila godoro la sebuleni, na Jumapili asubuhi nyumba nzima huenda kanisani. Katika ujumbe wangu niliyagusa yote matatu. Akanijibu usiku uleule: “Karibu mwanangu. Wewe umesoma. Wengi hawasomi.”

Nilipofika, kabla sijafungua hata mkoba, mama alikuwa juu ya kigoda akitundika chandarua kwenye ndoano iliyopigiliwa darini. Karibu na ziwa malaria haina mzaha, na yeye amewauguza wagonjwa wake miaka mingi. Akanionyesha ndoo ya maji ya kuoga, mtungi wa maji ya kunywa, mahali pa kuchaji simu, na njia ya kwenda chooni stima ikipotea. Akaniuliza ni nani nyumbani anajua niko kwake. Nikamwambia ni dada yangu. Akasema mpigie sasa hivi nimsalimie, wakaongea dakika kadhaa kana kwamba ni mtu na shemeji yake. Sijawahi kulala hotelini nikalala usingizi kama ule.

Kesho yake tukashuka ufukwe wa Dunga asubuhi, mashua za wavuvi zikiingia. Nilinunua ngege wawili wakubwa. Njiani tukapitia duka la mtaani nikachukua unga, sukari, majani ya chai na sabuni ya vyombo. Mama alikataa, nikasisitiza, akakubali. Jioni alikaanga samaki, akasonga ugali, akapika na osuga, yaani mnavu, kwa maziwa, na wakati tunakula ndipo aliponieleza, bila kinyongo, kuhusu kijana aliyekaa kwake siku nne. Maji yalikuwa yamekatika wiki ile, akawa ananunua mitungi kwa mwenye mkokoteni. Kijana akaoga asubuhi na jioni, akala, akachaji vifaa vyake vyote, akaondoka na kusema asante. Kwenye ukurasa wa mama aliandika sifa tele. Na mama naye akamwandikia sifa, kwa sababu ana haya, na kwa sababu alijua chochote atakachoandika kijana atakisoma.

Hapo ndipo nusu nyota yangu ilipokwenda. Tunaambiwa tutegemee maoni ya waliotutangulia, lakini maoni yenyewe yameandikwa na watu wanaoogopa kuumizana. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nasi siku hizi tunampa mgeni nyota tano. Kwa mfuko wa mstaafu, siku nne za maji ya kununua na gesi si kitu kidogo. Ukipanga safari ya bei nafuu, weka kando nusu ya ile pesa ambayo ungelipa hotelini, uitumie sokoni kwa ajili ya nyumba iliyokupokea. Bado utakuwa umeokoa nusu. Nami niliporudi Nakuru niliandika maoni ya kweli: lango, godoro, chandarua, na kwamba mgeni afike na kitu mkononi. Nilimsomea mama kwa simu kabla ya kuyaweka. Akacheka, akasema weka.

Dada zangu mnaosafiri peke yenu, soma maoni ukitafuta vitu ambavyo mwenyeji alifanya kweli. “Alinipokea stejini”, “alinipa ufunguo”, “mke wake alinipikia” yana uzito. “Mtu mzuri sana” peke yake hayana. Tazama pia walioyaandika ni akina nani. Kama wageni wote ni wasichana, na mwenyeji ni mwanamume anayeishi chumba kimoja, mimi hupita hata kama sifa zake zimejaa ukurasa. Safari hii kulikuwa na mwenyeji mwingine, simtaji, aliyeanza kwa adabu, kisha saa nne usiku akawa anauliza kama nimeolewa na kama hulala na taa. Nilifuta ombi palepale na kuripoti. Usijaribu kuwa mpole na mtu wa aina hiyo kwa sababu eti anakusaidia.

Sasa lifti. Huko Ulaya kuna BlaBlaCar, iliyoanzishwa Ufaransa 2006, ambapo dereva anayekwenda safari yake hugawana gharama na abiria bila kutengeneza faida. Sisi tunafanya kazi hiyohiyo kwa vikundi vya WhatsApp: mtu anaandika “Nakuru–Kisumu Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, nafasi mbili, mia tano”, nawe unajibu. Tatizo ni kwamba hakuna anayemhakiki mtu. Na sheria haiko upande wako: gari la binafsi halina leseni ya kubeba abiria wa nauli, na bima yake kwa kawaida haihusu watu waliobebwa kwa malipo. Kuna tofauti kubwa kati ya dereva anayekwenda kwake na kukupa kiti, na yule aliyefanya hiyo kuwa biashara bila karatasi. Wa pili mimi sipandi.

Aliyenibeba kwenda upande wa Kisumu alikuwa wa aina ile ya kwanza. Mzee wa makamo, muuzaji wa mbegu, Probox yake imejaa maboksi nyuma, ametoka Nakuru kwenda kuwaona wateja wake Ahero. Tulikutana kwenye petroli stesheni njiapanda ya Njoro, mchana kweupe. Nikamwomba radhi nikapiga picha nambari ya gari mbele ya macho yake, nikamtumia dada. Hakukunja uso. “Fanya hivyo kila siku, mwalimu,” akasema, “hata mimi nina binti.” Kisha nikazunguka nikaangalia matairi na mkanda wa kiti changu. Watu huona aibu kufanya hivyo. Barabara tuliyokuwa tunaishika inapita Salgaa na malori yake, inaacha njia ya Eldoret pale Mau Summit, inashuka hadi Londiani Junction, ambapo Juni 30, 2023 lori liliparamia magari na wachuuzi na watu zaidi ya 50 wakafa. Mama mmoja wa shuleni kwetu alimpoteza ndugu pale. Gari lenye tairi kipara silipandi, hata lifti ikiwa ya bure.

Mzee aliendesha pole, akasimama Kericho tunywe chai, akaniteremsha Ahero kwenye stendi ya matatu za Kisumu badala ya kuniacha kando ya barabara. Nilimpa mia tano, akarudisha mia. Kama lifti zote zingekuwa vile ningezipa tano.

Kurudi Nakuru, mwisho wa safari, ikawa hadithi nyingine. Dereva, kijana, tulikuwa tumekubaliana abiria watatu. Kufika Awasi akaongeza mmoja, Kapsoit akataka kuongeza mwingine, tukae wanne nyuma na mtoto mapajani. Nilimwambia kaka, hatukukubaliana hivi, nikashuka na begi langu. Nililipa kipande nilichosafiri, nikapanda matatu hadi Kericho, kisha nyingine hadi Nakuru. Jumla ilinigharimu zaidi ya kama ningepanda matatu tangu mwanzo. Kwa hiyo beba nauli kamili ya matatu kila unapopanda lifti, uiweke mahali tofauti. Pesa hiyo ndiyo inayokupa mdomo wa kusema nishushe.

Kabla ya kurudi, Kakamega nilikwenda kutoka Kisumu kwa matatu ya kawaida kupitia Kiboswa na Chavakali, nikapita jiwe la Ilesi, lile linalosemekana hulia. Wenyeji walikuwa vijana waliooana karibuni, wanaishi upande wa Shinyalu. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tunapanda kilima cha Lirhanda tukaone jua likichomoza juu ya msitu, ule uliobaki wa misitu ya mvua iliyowahi kuungana na ya Kongo. Tulimlipa kiongozi wa pale, naye akatutajia ndege kwa sauti zao kabla hatujawaona. Kwao nilipeleka kuku, jambo ambalo Mluhya hatalikataa.

Desemba mambo hubadilika. Nauli za kuja magharibi hupanda, watu wa Nairobi hurudi nyumbani, na sebule ambazo Agosti zilikuwa wazi hujaa wajukuu. Usiombe godoro Kisumu wala Kakamega wiki ya Krismasi. Omba katikati ya Januari, shule zikiwa zimefunguliwa na akina mama wamebaki peke yao nyumbani, na umwandikie mwenyeji wiki mbili kabla, baada ya kusoma wasifu wake hadi chini.