Seti ya matunda ya fedha iliyopakwa dhahabu: naipa nyota nne

Anayetaka vyombo vya kung'aa kama vimetoka kiwandani juzi, hivi havimfai. Seti yangu ni visu, uma na vijiko vya kulia matunda, kazi ya masonara wa London, nami nimeinunua huko huko kwa muuzaji wa vitu vya kale.

Kilichonivutia ni mihuri nyuma ya vijiko. Simba anayetembea maana yake fedha ni 925 kwa 1000. Kichwa cha chui ni London, kichwa cha mfalme ni ushuru umelipwa, kisha kuna herufi ya mwaka na herufi za sonara. Kichwa cha mfalme kilianza kugongwa 1784, na chui wangu bado ana taji, ambalo alivuliwa 1821. Kwa hiyo umri wake unaukisia hata kabla ya kutafuta ile herufi. Kwenye mpini kuna nembo ya ukoo chini ya taji lenye vitufe vinne: baroni, daraja la mwisho katika makabaila wa Uingereza. Wa mwisho, lakini zabibu alizila kwa dhahabu!

Hata hivyo haikuwa mbwembwe tupu. Asidi ya matunda hula fedha na chuma, dhahabu haiigusi. Ndiyo maana hata bapa la kisu ni fedha iliyopakwa dhahabu. Pichi laini linakatika vizuri, embe bichi usithubutu.

Zamani dhahabu ilichanganywa na zebaki, ikapakwa, kisha chombo kikatiwa moto hadi zebaki ikapaa. Moshi wake uliwadhuru sana mafundi. Rangi ya dhahabu hiyo ni ya joto, na pale vidole vilipozoea kushika, fedha imeanza kuchungulia. Napapenda kuliko pengine pote.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya uma mmoja. Ni wa njano kali, hauna mkwaruzo hata kwenye ncha za meno: umepakwa upya kwa umeme, njia iliyoenea tangu miaka ya 1840. Muuzaji alikuwa ameandika kwamba seti nzima ina dhahabu yake ya mwanzo. Tulivutana, mwishowe akanirudishia sehemu ya pesa.

Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ukaushe papo hapo. Dawa ya kung'arishia fedha itakwangua dhahabu. Visu usiviloweke, wala usivitie kwenye mashine ya kuoshea vyombo: mipini ina uwazi uliojazwa utomvu mgumu, na joto huulainisha. Na kabla ya kulipa, omba picha ya kila kipande, mbele na nyuma, si ya seti ikiwa imepangwa kwenye sanduku.