Redio za mkononi za porini: za wawindaji, na hizi ninazokodi Nakuru

Binamu yangu aliye Marekani aliniletea jozi ya redio za mkononi zenye rangi ya majani makavu. Zilitengenezewa wawindaji wa huko, wa kulungu na bata mzinga. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini mimi huongoza watu kutembea Menengai na Mlima Elgon, na wapenda ndege huwapeleka msitu wa Kakamega. Mahitaji yetu na ya mwindaji hayatofautiani sana: watu wametawanyika, mikono ina shughuli, na kelele haitakiwi.

Boksi linadai zinasikilizana hadi maili 36. Hizo ni kilomita 58, yaani nisimame Nakuru niongee na mtu anayekaribia Naivasha! Watu wawili wakisimama kwenye uwanda bapa, kila mmoja na redio mdomoni, mviringo wa dunia wenyewe unaanza kuwakatia mawasiliano wakiachana kama kilomita 10. Maili 36 labda kutoka kilele hadi kilele, katikati pasiwe na kitu. Na usidanganyike na wati. Kutoka nusu wati hadi wati 5 umeongeza nguvu mara 10, ila hata pasipo kizuizi chochote umbali unaongezeka mara 3 hivi. Msituni hata hizo 3 huzipati.

Tuseme ukweli, wawindaji wanajua wanachotaka. Redio hii inatetemeka badala ya kulia, na betri yake ikiisha unatia betri nne za AA, zile za tochi zinazouzwa kila kioski. Hilo la betri ningependa kila redio iwe nalo. Lakini kuna kitufe cha milio ya wanyama. Mpwa wangu alikigundua kabla yangu, na bata mzinga akalia sebuleni jioni nzima. Chaneli za hali ya hewa nazo zimetegwa kwa vituo vya serikali ya Marekani, hapa utasikia mkwaruzo tu.

Kilichozizuia kutoka nyumbani si bata mzinga. Zimefungwa kwenye masafa ya huko, karibu na 462 MHz, na hapa kwetu masafa hugawiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo pia huidhinisha kifaa chenyewe. Kwa hivyo mimi hukodi kwa fundi mmoja hapa mjini mwenye kibali, ambaye huziweka kwenye chaneli zake kabla hujazibeba.

Kwa Menengai huchukua redio aina ya Baofeng BF-888S. Haina skrini, haina namba za kubonyeza. Ina kirungu cha chaneli 16, kitufe kikubwa cha kuongea, na sauti ya mwanamke inayotangaza umefika chaneli ya ngapi. Mgeni ambaye hajawahi kushika redio anaielewa tukiwa bado tunafunga viatu. Kirungu huwa nakizungushia selotepu ili kisigeuke ndani ya begi.

Kreta ya Menengai, yaani shimo la volkano, ina upana wa kilomita 12 hivi, na kutoka ukingoni hadi chini ni karibu mita 500. Aliye juu na aliye chini wakionana, wanasikilizana kama wako meza moja. Balaa ni yale mawe ya volkano: ukiingia nyuma ya rundo lake, kimya. Panda hatua chache, sauti inarudi. Ndiyo maana siku zote namwacha mtu ukingoni apokee ujumbe wa kundi moja na kulipasia jingine. Mtu huyo ana faida kuliko redio ya bei mara tano.

Kakamega ni habari nyingine. Majani mabichi yanameza UHF (masafa ya juu, mawimbi mafupi) kuliko VHF (masafa ya chini yake, mawimbi marefu zaidi), na 888S ni ya UHF pekee. Huko naomba UV-5R, redio nyingine ya Baofeng yenye UHF na VHF, zilizowekwa VHF, pamoja na antena ndefu ya karibu sentimita 40. Antena inakwama kwenye matawi na watu wanalalamika, lakini inasikika. UV-5R ina vitufe vingi, hivyo kabla ya kumpa mtu nabonyeza # kwa muda mpaka ijifunge. Usiache visikizi vya sikioni, maana sauti ya spika itafukuza ndege aliyefuatwa tangu alfajiri. Na mvua ya alasiri ya Kakamega haibishani; redio zote hizi mbili hukaa ndani ya koti, si kiunoni.

Jambo moja kwa wanaokodi: bonyeza kitufe, hesabu moja, ndipo uongee. Wengi wanaongea wakiwa wanabonyeza, na neno la kwanza, ambalo aghalabu ni jina la unayemwita, linapotea.

Fundi anataka kitambulisho na amana. Betri za akiba anakupa ukiomba, usipoomba anakunyamazia. Chaja za gari anazo chache, na wanaoenda Elgon huzimaliza Ijumaa, kwa hivyo mpigie Alhamisi.