Suruali ya Kojima, miezi 14 baadaye

Mama yangu aliuza jinzi za mitumba pale Karume, na belo likifunguliwa mimi ndiye niliyekuwa nachambua. Nimeshika jinzi nyingi. Hii ya Kojima, Japani, usiku wa kwanza nilipoivua, niliisimamisha sakafuni ikasimama yenyewe.

Nilikuwa Kobe kukagua magari, nikabakiwa na siku moja. Kojima iko mji wa Kurashiki, kama nusu saa kwa treni kutoka stesheni ya Okayama. Zamani kazi yao kubwa ilikuwa sare za wanafunzi. Kampuni iliyokuja kuitwa Big John ilianza kushona jinzi hapo mwaka 1965 kwa kitambaa cha Marekani. Cha Wajapani wenyewe kikaja 1973. Leo kuna mtaa mzima wa maduka ya jinzi, na suruali zimeanikwa kwenye kamba juu ya barabara, utadhani kuna mtu kafua nguo za kijiji kizima.

Nililipa yeni 29,700. Ndiyo, najua.

Sasa tuje kwenye kitambaa, maana hapo ndipo hela yako ilipokwenda. Kimefumwa kwa mashine za kizamani, zile ambazo kijiti chenye uzi kinapita huku na huku, kwa hiyo ukingo umejifunga wenyewe na haufumuki. Kunja mguu wa suruali utauona, mweupe na uzi mwekundu katikati. Mashine hizo zinakwenda taratibu na kitambaa kinatoka chembamba, kama sentimita 80 tu. Nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, zinachovywa kwenye nili, rangi ya buluu, zinainuliwa zipigwe hewa, zinachovywa tena na tena, lakini kiini cha uzi kinabaki cheupe. Ukiivaa, buluu ya juu inasuguliwa, weupe unaanza kuchungulia. Yangu imepauka nyuma ya magoti, na mfuko wa kulia una umbo la simu yangu, kona zote nne. Za mitumba zilikuja zimepaushwa na mwili wa mtu mwingine, au na mashine ya kiwandani. Hii mikunjo ni yangu.

Lawama ninazo. Yangu ni ile ambayo kitambaa hakikusinyazwa kwanza kiwandani, kwa hiyo kinarudi kikilowa. Muuzaji aliniandikia kwenye karatasi "4 cm", akaonyesha mguu kwa kidole. Nikatikisa kichwa kama nimeelewa. Nilipoiloweka ikarudi kweli, na sasa inaishia kwenye kifundo. Inachuja pia: kiti cheupe cha gari la shemeji yangu kina alama ya makalio yangu hadi leo, na shemeji hajasahau. Halafu mapaja! Ukubwa wa kiuno changu ulinibana mapajani, ikabidi nichukue uliozidi namba mbili na nivae mkanda. Kwa joto la Dar, kuanzia Desemba mpaka Machi inakaa kabatini.

Mishono sina neno. Hakuna ulioachia, na ribiti za shaba ziko imara zote.

Nilimpelekea mama aione. Hakuangalia nje kabisa, aliigeuza ndani, akavuta mshono wa katikati kwa vidole gumba viwili, akanusa, akasema, "Hii haijapita kwenye belo." Akauliza bei. Nikamtajia nusu, na bado akaguna.